Anwani na Mwenyewe

Tangu zamani za ukoloni, barua katika nchi yetu haikuletwa mlangoni pa mtu ila kwa nadra. Iliwekwa katika sanduku la posta, naye aliyeandikiwa akaifuata huko. Sanduku lilikuwa na kodi ya kila mwaka, na watu wengi hawakuweza kuilipa, au hawakuona haja ya kuilipa; kwa hiyo walijistiri kwa masanduku ya wenzao. Mwanafunzi aliandikiwa kwa sanduku la shule, karani kwa sanduku la idara yake, mfanyakazi wa reli kwa sanduku la stesheni, na mzee wa kijiji kwa sanduku la kanisa, la msikiti, au la duka lililo karibu na barabara. Juu ya bahasha jina la mtu lilitangulia, kisha yakafuata maneno "kwa mkono wa" fulani, ndipo ikaja namba ya sanduku na jina la mji.

Msomaji, yatafakari maneno hayo matatu. Hayakuwa pambo la bahasha. Barua yako ilipita kweli katika mkono wa mtu mwingine kabla ya kufika katika mkono wako. Mwenye duka akiwa mwema, uliipata siku ile ile. Akiwa msahaulifu, ilikaa nyuma ya magunia ya sukari mpaka wino ukafifia. Na siku ulipomaliza shule, au ulipoachishwa kazi, au mwenye duka alipohama, anwani yako ilikufa ijapokuwa wewe mwenyewe u hai. Jamaa waliokuwa mbali waliendelea kukuandikia mahali ambapo hupo tena.

Nimeanza na sanduku la posta kwa sababu barua pepe, ambayo watu hudhani ni kitu kipya kisichohusiana na mambo hayo, ilizaliwa na dosari ile ile. Historia yake, kwa sehemu kubwa, ni historia ya kuitafutia dosari hiyo dawa.

Mwaka 1971 mhandisi Mmarekani aliyeitwa Ray Tomlinson alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya Bolt Beranek and Newman, mjini Cambridge, katika jimbo la Massachusetts. Wakati huo kompyuta chache za vyuo vikuu na za watafiti zilikuwa zimekwisha kuunganishwa kwa mtandao ulioitwa ARPANET, uliogharimiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Watu waliotumia kompyuta moja waliweza tangu kitambo kuachiana ujumbe ndani ya kompyuta hiyo, kama vile watu wa nyumba moja wanavyoachiana vikaratasi mezani. Alilofanya Tomlinson ni kuuvusha ujumbe kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Alihitaji alama ya kutenga jina la mtu na jina la mashine, akaichagua @, kwa kuwa haikuwamo katika jina la mtu yeyote. Kompyuta mbili za jaribio la kwanza zilikuwa zimesimama bega kwa bega chumbani, lakini ujumbe wenyewe ulipita katika mtandao. Alipoulizwa baadaye ujumbe ule ulisema nini, alijibu kwamba amekwisha kusahau. Nami naliona jibu hilo kuwa bora kuliko maneno matukufu ambayo wavumbuzi wengine huyatunga baada ya kazi kwisha.

Lakini tazama jinsi anwani ile ya kwanza ilivyoundwa. Upande wa kushoto lilikuwako jina la mtu. Upande wa kulia, jina la mashine. Halikuwa jina la mji, wala la mtu mwenyewe, bali la chombo cha chuma kilichosimama katika chumba fulani. Chombo kikiondolewa, anwani huondoka nacho. Hapo basi yalirudi yale yale ya "kwa mkono wa", ila safari hii mkono ulikuwa wa mashine.

Majina ya mashine hizo yaliandikwa katika orodha moja tu, faili lililoitwa HOSTS.TXT. Lilitunzwa katika taasisi ya utafiti ya SRI huko Menlo Park, California, na ofisi iliyoongozwa kwa miaka mingi na mwanamke mmoja hodari, Elizabeth Feinler. Aliyetaka mashine yake ijulikane aliipelekea ofisi hiyo habari. Watumishi wakaliandika jina, kisha kila kompyuta katika mtandao ikainakili orodha nzima upya. Utaratibu huo ulifaa wakati mtandao ulipokuwa kijiji. Mwezi Agosti 1981 zilihesabiwa mashine 213. Mwezi Oktoba 1984 zilikuwa 1,024, na mwezi Novemba 1986 zilikuwa 5,089. Zaidi ya hayo, mashine mbili hazikuweza kuwa na jina moja, na kila mtu alitaka majina yale yale mafupi na mazuri. Ofisi moja, hata iwe na watu wenye bidii namna gani, haiwezi kuwa mkunga wa kila mtoto azaliwaye duniani.

Dawa ilipatikana mwezi Novemba 1983. Paul Mockapetris, mtaalamu katika taasisi moja ya Chuo Kikuu cha Southern California, alitoa maandishi mawili yenye kueleza mpango wa majina ya vikoa. Usitishike kwa neno kikoa. Hapa maana yake ni eneo la majina lililo chini ya mamlaka fulani. Mpango wenyewe wafanana na utawala tuliouzoea. Mkuu wa wilaya hajui kila nyumba wilayani mwake, wala hana haja ya kuijua. Ukimwuliza habari za mtu, atakuelekeza kwa chifu. Chifu atakuelekeza kwa mzee wa mtaa. Na mzee wa mtaa atakuonyesha mlango. Vivyo hivyo jina la kikoa husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Katika jina linaloishia kwa .co.ke, kompyuta huanza kwa kuuliza ni nani anayejua habari za .ke, huyo humwelekeza kwa anayejua habari za.co.ke, naye huyo ndiye humwonyesha mwenye jina. Orodha moja kubwa ikavunjwa ikawa orodha nyingi ndogo, kila moja kwa mwangalizi wake.

Hata hivyo kwa habari ya barua ilibaki hatua moja, nayo kwa maoni yangu ndiyo kubwa kupita zote, ijapokuwa haisimuliwi sana. Mwezi Januari 1986 Craig Partridge alitoa maandishi yaliyoeleza jinsi barua zitakavyoelekezwa katika mpango huo mpya. Chini ya kila jina la kikoa paliwekwa maelezo mafupi yaitwayo rekodi ya MX, yenye kusema jambo moja tu: barua za jina hili zipelekwe kwenye mashine ile. Tangu hapo jina na mashine vikaachana. Jina laweza kukaa miaka hamsini bila kubadilika neno, huku mashine ipokeayo barua ikibadilishwa mara ishirini, kutoka Nairobi hadi Dublin, kutoka kampuni moja hadi nyingine. Kinachobadilika ni ile rekodi, nayo hubadilishwa kwa dakika chache. Aliyekuandikia hapati hata fununu. Yeye huandika anwani ile ile aliyoizoea, na barua hufika.

Mwanzoni watu waliofaidika walikuwa wachache. Jina la kwanza lililoishia kwa .com liliandikishwa tarehe 15 Machi 1985 na kampuni ya kompyuta iliyoitwa Symbolics. Kwa miaka kumi majina yalitolewa bure, kisha mwezi Septemba 1995 kampuni ya Network Solutions, iliyokuwa na kazi ya kuyaandikisha, ikaanza kutoza dola 100 kwa miaka miwili. Wengi walinung'unika. Lakini bei iliposhuka baadaye kwa sababu ya ushindani, mtu wa kawaida akaweza kufanya jambo ambalo awali lilikuwa la makampuni na vyuo vikuu peke yao, yaani kuwa na kikoa chenye jina lake mwenyewe.

Sasa turudi nyumbani. Herufi .ke zilitengewa Kenya mwezi Aprili 1993, wakati ambapo intaneti yenyewe ilikuwa haijafika kwetu kwa ukamilifu. Dakt. Shem Ochuodho, ambaye baadaye alikuwa mbunge wa Rangwe, aliandikwa kuwa mwangalizi wake hapa nchini, na Mmarekani Randy Bush akaitunza mitambo ya majina hayo kutoka ng'ambo. Wakati huo mambo ya simu na posta yote yalikuwa mikononi mwa shirika moja la serikali, ambalo liligawanywa mwaka 1999. Mwaka 2002 ulinzi wa .ke ulihamishiwa KENIC, chombo kilichoundwa hapa Kenya kwa kazi hiyo, nacho kingali kinaifanya.

Wakenya wa kwanza kupata barua pepe katika miaka ya 1990 walizipata kwa kampuni za kuuza intaneti, mojawapo ikiwa Africa Online, iliyoanzishwa mwaka 1994 na vijana watatu Wakenya waliosoma Marekani. Anwani ya mteja ilikuwa na jina lake kushoto na jina la kampuni kulia. Mwenye duka wa kale amerudi! Mteja aliyetaka kuhamia kampuni nyingine yenye bei nafuu alilazimika kuiacha anwani yake, kuchapisha kadi mpya, na kuwaandikia rafiki zake wote. Kampuni nazo ziliuzwa na kubadilishwa majina, na zilizo ndogo zikafifia kabisa.

Mwezi Julai 1996 Sabeer Bhatia na Jack Smith walianzisha Hotmail huko California, barua pepe ya bure iliyoweza kusomwa kwa kompyuta yoyote yenye intaneti. Kwa vijana wetu waliolipa kwa dakika katika vyumba vya intaneti vya Nairobi, Mombasa na Kisumu, ilikuwa neema kubwa, wala si haki kuibeza. Anwani ya bure ilimtoa mtu katika mkono wa mwajiri wake na wa kampuni ya mtaani. Gmail ilipotokea mwezi Aprili 2004, neema ikazidi. Lakini sanduku la bure lina mwenyewe, na mwenyewe si wewe. Umelikubali kwa masharti yake. Na siku akiona umeyavunja, au mashine zake zikidhani hivyo kimakosa, mlango hufungwa. Mwenye duka wa kijijini ungeweza kumwendea ukamsihi. Huyu hana uso.

Jambo hili lina uzito leo kuliko lilivyokuwa kwa babu zako. Barua yao ikipotea, walikosa habari. Sanduku lako la barua pepe ndilo ufunguo wa milango mingine yote. Ukisahau neno la siri la eCitizen, la ombi lako la mkopo wa masomo, au la chuo kikuu, njia ya kulirudisha aghalabu hupitia barua pepe. Anayeshika sanduku hilo ameshika nusu ya mambo yako. Na ukilipoteza, umepoteza nusu ya mambo yako.

Huenda ukasema kwamba haiwezekani mtu kuhama kampuni na kubaki na anwani. Lakini kumbuka yaliyotokea kwa simu. Tangu mwezi Aprili 2011 Mkenya aliruhusiwa kuhama kampuni ya simu akiwa na namba yake ile ile. Kwa simu ilihitajika amri ya serikali. Kwa barua pepe haihitajiki amri ya mtu yeyote, maana uwezo huo umekuwamo tangu Januari 1986; sharti lake ni kwamba jina lililo upande wa kulia wa @ liwe lako.

Kazi yenyewe si ya mchawi. Kwanza huchagua jina. Chini ya .ke kuna tawi la .me.ke lililotengwa kwa ajili ya watu binafsi, na tangu mwaka 2017 yaweza kuandikishwa jina lililo moja kwa moja chini ya .ke. Wengine hupenda .com, kwa kuwa yajulikana kila mahali. Chagua jina linalotamkika kwa simu bila kulitaja herufi kwa herufi. Kisha huliandikisha kwa msajili, yaani kampuni iliyoruhusiwa kufanya kazi hiyo, ukalipa ada ya mwaka mmoja au zaidi. Hakikisha kwamba anayeandikwa kuwa mwenye jina ni wewe, si fundi aliyekusaidia. Mafundi wengi wametengeneza vikoa kwa majina yao wenyewe, kwa haraka tu wala si kwa hila, na wenye vikoa wakayagundua hayo siku ya kugombana.

Baada ya hapo hutafuta mtu wa kukuwekea sanduku. Huyu si lazima awe yule msajili, na mara nyingi ni vizuri asiwe. Atakupa maneno ya kuandika katika rekodi ya MX, na pamoja nayo rekodi nyingine tatu, SPF, DKIM na DMARC, ambazo kazi yake ni kuthibitisha kwamba barua itokayo kwa jina lako imetoka kwako kweli. Usizipuuze. Tangu mwezi Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti juu ya barua zisizo na uthibitisho wa namna hiyo, nazo huweza kutupwa katika takataka hata kama ziliandikwa kwa adabu. Mtu anaweza pia kuiweka seva ya barua nyumbani mwake mwenyewe. Wako wafanyao hivyo, na nawastahi, lakini umeme ukikatika na barua zikatiliwa shaka na kampuni kubwa, uhuru huo huwa mzigo. Kushika jina ndilo jambo kubwa. Sanduku laweza kupangwa.

Utamu wa kikoa chako ni kwamba waweza kubuni anwani kadiri upendavyo. Wawezaje kujua ni duka lipi lililoiuza anwani yako kwa wachuuzi wa barua? Mpe kila mmoja anwani yake, zote zikifika sanduku moja, na barua ya uchafu itamtaja mwenyewe aliyekusaliti.

Sasa nisikufiche upande wa pili. Jina laweza kugombewa hata likiwa lako tangu kuzaliwa. Uzi Nissan, mfanyabiashara wa kompyuta katika jimbo la North Carolina, aliandikisha nissan.com mwaka 1994 kwa jina la ukoo wake. Mwaka 1999 kampuni ya magari ya Nissan ilimshtaki. Kesi ilichukua miaka mingi na fedha nyingi, na mwishowe jina likabaki mkononi mwake mpaka alipofariki mwaka 2020. Alishinda, lakini sijui kama ni wengi ambao wangeweza kusimama mahakamani muda huo wote.

Tena kikoa hakinunuliwi moja kwa moja kama ng'ombe. Hukodishwa kwa miaka, na kodi ikikatika humwendea mwingine. Katika hili hata wakubwa hawasalimiki. Katika siku za Krismasi za mwaka 1999 watu wengi walishindwa kuingia katika Hotmail, ambayo Microsoft ilikuwa imekwisha kuinunua. Michael Chaney, mwandishi wa programu wa huko Marekani, alichunguza akaona kwamba kampuni hiyo, iliyokuwa miongoni mwa tajiri kuliko zote duniani, haikulipa ada ya jina passport.com, ambalo Hotmail ilipitia humo ili kuwatambua watumiaji wake. Ada ilikuwa dola 35. Akailipa kwa kadi yake mwenyewe, na milango ikafunguka.

Wewe huna Chaney wa kukulipia. Na aliyelichukua jina lako baada ya kukatika kodi aweza kuweka rekodi yake ya MX, akaanza kupokea barua zako, zikiwamo zile za kurudisha maneno ya siri. Kwa majina ya .com kuna siku 30 za kulikomboa jina lililofutwa, kwa gharama kubwa kuliko ada ya kawaida. Majina mengine yana sheria zake. Wasajili hutuma ukumbusho kwa barua pepe, na hapa ndipo wengi hunaswa: wamempa msajili ile ile anwani iliyo ndani ya kikoa chao, hata siku kikoa kinapozimwa, maonyo yote hupelekwa katika sanduku lililozimwa pamoja nacho. Kwa hiyo, katika fomu ya msajili, palipoulizwa anwani ya mawasiliano, andika nyingine iliyo nje ya kikoa hicho, na namba ya simu uliyo nayo kila siku.